Sarafu inarudi Ujerumani: andika bei uliyolipa

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, niko Tanga. Miezi miwili iliyopita nilinunua kwa muuzaji wa Ujerumani sarafu ya fedha ya rupia mbili, ya mwaka 1893, enzi za Mjerumani. Nililipa yuro 640. Ilipofika nikaipeleka kwa sonara akaipima: gramu 19 na kitu kidogo, wakati vitabu vinasema 23. Muuzaji amekubali niirudishe anirudishie hela zangu, ila anataka kwenye karatasi ya forodha niandike yuro 20 na nitie alama ya zawadi. Anasema akitozwa kodi atanikata. Nikaiangalia tena bahasha iliyokuja nayo, kumbe na yeye aliandika yuro 25. Sasa niandike ngapi?"

Marahaba, mwalimu.

Andika 640. Tia alama kwenye kisanduku cha bidhaa inayorudishwa, usiguse cha zawadi, na nakala ya ankara uliyonunulia iende pamoja na kifurushi. Kama unawahi posta, jibu ni hilo. Lakini ndani ya swali lako mna mambo yaliyosukwa pamoja kama ukili: woga wa muuzaji, karatasi ya uongo iliyokuja na sarafu, na usalama wa hela zako endapo kifurushi kitapotea njiani. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha zaidi ya miaka 20, na sarafu za zamani nazikusanya tangu ujana wangu. Nimeona watu waliotazama jambo moja tu kati ya hayo wakakosa yote.

Kwanza nikupongeze kwa kupima. Rupia ya Mjerumani ilifuata rupia ya Kihindi iliyokuwa ikitumika pwani yote, yenye gramu 11.66, na rupia mbili ni maradufu yake, gramu 23.3, fedha ya usafi wa sehemu 917 kwa 1000. Sarafu hiyo ilitolewa na ile kampuni ya Wajerumani, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, mwaka 1893 na 1894, Kaiser Wilhelm wa Pili upande mmoja, simba na mnazi upande wa pili. Sarafu iliyopita mikono mingi hupungua, ndiyo, lakini kuchakaa kwa kawaida hakuli gramu nne huku sura ya Kaiser ikiwa bado imesimama. Hizi ni sarafu zetu pia, tusisahau. Mwaka 1904 rupia ilipoanza kugawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, ndipo tulipopata neno "hela" tunalolitamka kila siku sokoni. Watu wa kwetu wanazitafuta, watu wa Ujerumani wanazitafuta, na kitu kinachotafutwa hivyo hughushiwa.

Tuje kwenye thamani.

Neno hili linawachanganya watu kwa sababu kwenye kaunta ya posta linabeba maana tatu. Iko thamani ya forodha, yaani ile unayoitamka serikalini ili ofisa ajue kitu hiki ni cha kiasi gani. Iko thamani ya bima, yaani kiasi ambacho msafirishaji atawajibika nacho kitu kikipotea. Na iko thamani ya soko, yaani kile ambacho mkusanyaji mwingine angekulipa leo. Mtu anayerudisha kitu cha kukusanywa huanza kujisumbua na hiyo ya tatu: "Lakini mnada wa juzi sarafu kama hii iliuzwa 900", au kwa upande wako, "Lakini hii ni bandia, labda haifiki hata yuro 10." Iache hiyo ya tatu. Msingi wa forodha karibu dunia nzima, na ndivyo ilivyo hata katika sheria yetu ya forodha ya Afrika Mashariki, ni bei iliyolipwa kweli katika mauzo. Kati yako na muuzaji pamefanyika mauzo moja tu, ya yuro 640, na ushahidi wake upo: ankara, na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilivyotoka. Namba nyingine yoyote ni maoni ya mtu.

Hapo utaniuliza, na ni swali la haki: mzee, kama nina hakika ni ya kughushi, si nitakuwa nasema uongo nikiandika 640? Hapana. Hukupewa kazi ya kuithamini sarafu. Unachokitamka ni kwamba kitu hiki hiki kiliuzwa kwa bei hii, na sasa kinarudi kwa aliyekiuza. Hayo yote mawili ni kweli. Wala usiandike neno "bandia" kwenye fomu. Nasema hivyo kwa sababu wewe na sonara mmepima uzito tu. Bado hajatokea mtaalamu wa sarafu aliyetoa hati ya kuthibitisha. Ofisa akikuta neno hilo ana haki ya kukizuia kifurushi ajiulize kama anapitisha bidhaa ya kughushi, na wewe utakuwa umekwama katikati bila sarafu na bila hela. Habari ya uzito ipeleke kwenye barua yako kwa muuzaji, ambako ndiko mahali pake.

Sasa zawadi. Katika Umoja wa Ulaya zawadi ina maana yake ya kisheria: kitu ambacho mtu binafsi anampelekea mtu binafsi bila malipo yoyote, na nafuu yake inaishia yuro 45. Kinachorudishwa ili hela zirudi si zawadi hata kidogo. Ofisa wa forodha wa Ujerumani akikifungua kifurushi kinachokwenda kwa mfanyabiashara wa sarafu, akaikuta rupia mbili ya 1893, na juu yake pameandikwa zawadi ya yuro 20, hahitaji elimu kubwa kujua kuna jambo. Ataisimamisha. Muuzaji ataitwa ajieleze, naye atasema ni wewe uliyeandika. Na kweli sahihi itakuwa yako.

Hilo la sahihi nataka ulishike. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 203, inasema anayetoa tamko la uongo au lisilo sahihi katika jambo lolote la forodha ametenda kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000 za Marekani. Sheria hiyo haikutofautisha kontena la futi 40 na bahasha ya sarafu moja. Sikutishi, maana kwa bahasha moja sijaona mtu akifungwa. Lakini mwalimu mwenye jina lake mjini Tanga asijiweke chini ya kifungu hicho ili mfanyabiashara wa ng'ambo aokoe yuro chache.

Tena hebu tuzihesabu hizo yuro chache. Ujerumani inatoza vitu vya kukusanywa vyenye thamani ya kihistoria kodi ya uingizaji ya asilimia 7, wakati bidhaa za kawaida ni asilimia 19. Kwa 640 hiyo ni yuro 44.80 katika hali ya kwanza na 121.60 katika hali ya pili, kabla ya kuongeza gharama za usafirishaji na ada ya anayekipitisha kifurushi forodhani. Huo ndio ukubwa wa woga wake. Na hata huo una dawa, ambayo mfanyabiashara anayeuza nje ya Ulaya anapaswa kuijua. Sheria ya forodha ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 203 (namba imegongana na yetu kwa bahati tu), inasamehe ushuru kwa bidhaa iliyotoka ndani ya Umoja na kurudi ndani ya miaka 3 ikiwa katika hali ile ile. Kodi ya uingizaji nayo inasamehewa kama anayeipokea ndiye yule yule aliyeipeleka nje. Wajerumani wana neno lake, Rückware, na neno hilo ulijue maana utaliandika.

Tazama masharti hayo yanavyokugusa wewe uliye Tanga. "Katika hali ile ile" maana yake usiisafishe sarafu, usiikwangue kutafuta kama ndani ni shaba, usiitie kwenye dawa ya sonara. Umeipima, inatosha. "Yule yule aliyeipeleka" maana yake jina na anwani kwenye kifurushi viwe vile vile vilivyo kwenye ankara. Muuzaji akikuambia umpelekee shemeji yake, au rafiki yake wa mji mwingine, msamaha umeharibika, na ulinzi wako kwa benki umeharibika pia kwa sababu hutaweza kuonyesha kwamba aliyekuuzia ndiye aliyepokea.

Kwa nini basi anang'ang'ania yuro 20? Nadhani sababu umeiona mwenyewe kwenye bahasha. Alipokutumia aliandika 25. Ili aupate msamaha wa bidhaa inayorudi, lazima aonyeshe karatasi za kutoka, na karatasi zake zinasema kilichotoka ni kitu cha yuro 25. Ikirudi ya 640, ofisa atauliza kama ni kitu kimoja kweli. Kwa hiyo anakuomba wewe uendeleze uongo aliouanza yeye ili karatasi zifanane. Namuelewa shida yake, lakini aliitengeneza mwenyewe, na njia ya kuitoka anayo: aipeleke ankara yake na kumbukumbu ya malipo kwa forodha ya kwao akaeleze. Mzigo huo ni wake.

Una mzigo wako pia, na siwezi kukuficha. Sarafu iliingia Tanzania kwa thamani ya 25. Kama ulitozwa ushuru na VAT ya asilimia 18, ulitozwa juu ya namba isiyo ya kweli. Kama ulipitishwa bure, vivyo hivyo. Hukuandika wewe, lakini mwagizaji ni wewe. Ushauri wangu ni kwamba kabla kifurushi hakijaondoka, nenda ofisi ya forodha ya TRA (Mamlaka ya Mapato) hapo Tanga ukiwa na ankara, bahasha na taarifa ya benki, ueleze kilichotokea na kwamba unairudisha. Anayekwenda mwenyewe kusahihisha husikilizwa kwa namna nyingine kabisa kuliko anayekamatwa. Kuna faida nyingine hapo. Sheria ile ile ya 2004 inaruhusu kurudishiwa ushuru uliolipia bidhaa isiyolingana na makubaliano ya mauzo, iwapo unairudisha kwa muuzaji bila kuitumia, kwa ridhaa yake, na kwa kufuata utaratibu wa forodha wa kuitoa nchini. Kama ulilipa kitu, ombi hilo haliwezekani baada ya kifurushi kwisha kuondoka kimyakimya. Pale forodhani watakuambia kama kadhia, yaani tamko rasmi la forodha, ya kawaida ya kutoa bidhaa nje inahitajika au fomu ya posta inatosha.

Nikupe kisa kimoja ili uone upande wa bima ulivyo mkali. Miaka mingi nyuma alinijia baba mmoja wa Dar es Salaam aliyenunua saa ya mfukoni ya fedha kutoka Uingereza, ikaja mashine yake imevunjika. Muuzaji alimshauri kama wako alivyokushauri: andika dola 15, sema ni saa mbovu. Alifanya hivyo kabla hajanijia, kupitia kampuni moja ya vifurushi. Kifurushi hakikufika. Kampuni ikamlipa dola 15, kwa barua nzuri ya heshima. Muuzaji akasema, mimi sijapokea kitu, nirudishe hela kwa lipi? Nilizisoma karatasi zote usiku mzima nikitafuta upenyo, na upenyo haukuwepo, kwa sababu kila mtu alikuwa amesimama juu ya namba aliyoiandika yeye mwenyewe. Saa ile ilimgharimu zaidi ya mshahara wake wa mwezi. Ndiyo maana jambo hili nalisema kwa moyo.

Usidhani pia kwamba ukiacha kutamka bima, uzito wa mali utakulinda. Shehena ya ndege chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 ina ukomo wa fidia unaohesabiwa kwa kilo. Tangu 28 Desemba 2024 ukomo huo ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kifurushi chako kikiwa na kasha lake hakitazidi robo kilo. Robo ya 26 ni 6.5, ambayo kwa viwango vya karibuni ni kama dola 9. Vya posta vina kanuni zake tofauti, lakini navyo havilipi bei ya rupia ya 1893 bila bima iliyotamkwa. Sarafu ni kitu kidogo chenye bei kubwa, na hesabu ya kilo inawapunja wenye vitu vya namna hiyo siku zote.

Kwa hiyo bima nayo iwe 640. Kanuni za posta za kimataifa zinakukataza kutamka bima kubwa kuliko thamani halisi ya kilichomo; ndogo kuliko thamani inaruhusiwa, lakini sioni kwa nini ujipunje.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, na linawahusu wenye sarafu kuliko wenye stempu au kadi. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao Bern, katika mkataba wake unakataza kutia sarafu, noti, dhahabu, fedha na vito kwenye barua isiyo na bima. Nchi inaweza kuruhusu ndani ya barua ya rejista iliyofungwa vizuri, kama sheria zake zinakubali. Yaani bahasha ya kawaida yenye stempu, hata ukiandika 640 kwa uaminifu wote, inaweza kukataliwa au kuzuiwa kwa sababu ya kilichomo. Nenda kaunta ya Shirika la Posta uwaulize waziwazi: ninatuma sarafu ya zamani ya fedha Ujerumani, ya yuro 640, mna huduma gani yenye bima au rejista inayoipokea, na ukomo wa fidia ni kiasi gani? Jibu la kiasi cha fidia waandike, au wakuonyeshe lilipoandikwa.

Kampuni binafsi za kurusha vifurushi nazo zina orodha zao za vitu wasivyobeba, na sarafu na madini ya thamani yamo kwenye nyingi nilizowahi kuzisoma. Nyingine zinabeba lakini zinaweka ukomo mdogo wa fidia kwa vitu vya kukusanywa, hata ukilipia thamani kubwa zaidi. Usilipe kabla hujasoma sehemu hiyo. Na asije mtu akakushauri uandike "vifungo vya chuma" ili wapokee. Maelezo ya uongo yanaiua bima siku ile ile uliyoilipia.

Tukae kwenye fomu yenyewe. Kuna CN22, ile karatasi ndogo ya kubandika, ambayo ni ya vitu visivyozidi SDR 300, kama dola 400 hivi. Yako imezidi, kwa hiyo unajaza CN23, karatasi kubwa. Mtumaji ni wewe, kwa jina lililo kwenye ankara. Usiweke jina la mwanafunzi wako au la dukani. Mpokeaji ni muuzaji, kwa jina na anwani ya ankara, na namba yake ya simu. Kwenye maelezo usiandike "sarafu" peke yake wala "kitu cha zamani". Kwa kuwa kinakwenda Ujerumani, andika kwa Kijerumani, hivi: 1 Sammlermünze, 2 Rupien 1893, Deutsch-Ostafrika, Rückware. Maana yake ni sarafu moja ya mkusanyaji, rupia 2 ya 1893 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, bidhaa inayorudishwa. Maneno ya kusifia kama adimu au ya thamani kubwa usiyaweke, maana fomu inakaa juu ya kifurushi na inasomwa na mikono mingi.

Idadi: 1. Uzito wa kilichomo: uandike ule ulioupima, si wa kitabuni. Ukiandika 23 kwa sababu vitabu vinasema 23, umempa muuzaji silaha ya kusema umembadilishia sarafu. Thamani: 640, na aina ya pesa ni EUR, yaani yuro. Nchi ya asili: Ujerumani, kwa sababu kwa mujibu wa ankara ni sarafu iliyopigwa Berlin. Namba ya ushuru: sarafu za kukusanywa zenye umri wa zaidi ya miaka 100 ziko 9705.31 katika orodha ya kimataifa iliyoanza 2022. Namba hiyo inafuata maelezo ya ankara, kama fomu yote, na ndiyo inayomsaidia muuzaji wako kubaki kwenye asilimia 7 kama msamaha utamkwama. Mahali pa maoni, andika namba ya ankara, tarehe ya ankara, na namba ya ufuatiliaji ya kifurushi kilichokuja. Kisha sahihi na tarehe.

Hakikisha mtu wa kaunta anayaingiza maelezo hayo kwenye kompyuta, asiishie kubandika karatasi. Tangu 15 Machi 2021 Umoja wa Ulaya unataka taarifa za vifurushi vya posta zitangulie kwa mtandao kabla mzigo haujapakiwa. Kilichoandikwa kwa kalamu tu kinaweza kusimama njiani, na namba zikipishana kati ya karatasi na mtandao, yuro 640 hapa na 64 kule, utaitwa kueleza kosa la kidole cha mtu mwingine. Omba uone kioo kabla hajathibitisha.

Jambo la mambo ya kale nalitaja kwa ufupi, maana linaweza kukusimamisha. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali ili kutoa nchini vitu vya kale. Mstari wake kwa vitu vilivyotengenezwa na binadamu ni vya kabla ya mwaka 1863, na sarafu yako ni ya 1893 na iliingia nchini miezi miwili tu iliyopita. Ofisa akiona "1893" na "Afrika Mashariki" ana sababu njema ya kuuliza, na namshukuru anayeuliza, kwa kuwa vingi vya kwetu vimetoka kwa kukosa wa kuuliza. Mwonyeshe bahasha yenye mihuri ya posta ya Ujerumani na ankara. Msomaji wa Kenya aliye na shida kama yako awe mwangalifu zaidi: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya, au kilichoingizwa Kenya, kabla ya 1895. Kwa hiyo tarehe ya kuingia ndiyo atakayolazimika kuithibitisha.

Kabla ya yote hayo, mwandikie muuzaji, na upate jibu lake kwa maandishi. Mimi ningeandika hivi, nawe utaitafsiri:

"Nashukuru kwa kukubali kuipokea sarafu. Nitaituma kwa jina na anwani iliyo kwenye ankara yako, kwa bima ya yuro 640. Kwenye fomu ya CN23 nitaandika bidhaa inayorudishwa, Rückware, thamani yuro 640, kama nilivyolipa. Siwezi kuandika zawadi wala thamani nyingine, kwa sababu tamko hilo nalitia sahihi mimi mbele ya forodha ya nchi yangu. Nitakutumia nakala ya fomu na namba ya ufuatiliaji siku nitakayotuma, ili uombe msamaha wa bidhaa inayorudi kwa forodha ya kwenu. Tafadhali nithibitishie kwamba utanirudishia yuro 640 zote ukishapokea, na nani analipa gharama ya kutuma."

Akikubali, tuma. Akikataa, usitume. Nenda benki iliyotoa kadi yako na ujumbe wake ule unaokuambia uandike 20 na zawadi, pamoja na picha ya mizani. Benki nyingi zina utaratibu wa kupinga malipo ya bidhaa isiyolingana na maelezo, lakini utaratibu huo una muda wa mwisho, na miezi miwili imekwisha kupita. Usimsubiri muuzaji anayekuambia "wiki ijayo" mara tatu.

Siku ya kufunga kifurushi, piga picha sarafu ikiwa juu ya mizani na namba ikisomeka, kisha pande zote mbili na ukingo wake, halafu uzilinganishe na picha zilizokuwa kwenye tangazo lake. Kila sarafu ina kovu lake. Kovu moja linaloonekana kwenye picha zake na zako linatosha kuthibitisha kwamba hukubadilisha. Itie kwenye kasha la plastiki isiyo PVC laini, maana PVC hiyo huiharibu fedha, ukandamize kasha kati ya makadi mawili magumu lisichezecheze, na kifurushi chote ukipime mbele ya mtu wa posta ili uzito uandikwe kwenye risiti.

Ile bahasha iliyokuja na sarafu, yenye yuro 25 kwa mwandiko wa muuzaji na muhuri wa posta ya kwao, itolee nakala. Nakala iende TRA na nyingine ibaki kwa benki kama mtafika huko. Yenyewe usiirudishe Ujerumani hata akikuomba. Kaa nayo mpaka yuro 640 zionekane kwenye akaunti yako.